Pumzi au taamuli? Mimi wa Mbeya na wifi yangu wa Iringa bado tunabishana

Mwezi wa sita mwaka jana wifi yangu alitoka Iringa kuja kutusalimia, akakaa siku tisa. Alfajiri ya kwanza niliamka saa kumi na moja kufanya mazoezi yangu ya pumzi, nikamkuta sebuleni kajifunika blanketi hadi masikioni, macho kayafumba, katulia tuli. Nikadhani baridi ya Mbeya imemshinda.

"Kamwene wifi, usingizi umegoma?"

Kimya. Nikavuta kigoda changu nikaendelea na yangu. Baada ya kama dakika ishirini akafumbua macho. "Nilikuwa kwenye taamuli, wifi. Sasa wewe ulikuwa unavuma nini hapo pembeni kama nyuki waliofungiwa mzingani?"

Ubishi ulianzia hapo na haujaisha. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Nina presha ya kupanda na shingo inayokaza kila msimu wa sare za shule. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Kihesa, na adui yake ni usiku: saa nane anaamka, anaanza kupiga hesabu za ada, za shamba la mama, za maneno aliyoambiwa na mtu mwaka juzi. Wote wawili tulianzia kwenye yoga ya kwenye simu, bila mwalimu. Mazoezi ya kujikunja yalitushinda mapema. Mimi nikabaki na pumzi, yeye akabaki na taamuli, yaani kukaa kimya na kutafakari.

Wateja wangu wakisikia habari hizi huuliza lipi ni bora. Nimechoka kujibu nikiwa na pini mdomoni, ndiyo maana naandika. Msimamo wangu ni kwamba kabla hujachagua, angalia shida yako inaingilia mlango gani. Kuna shida inayoingilia mwilini: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono inatoka jasho, na ukiulizwa unawaza nini, huna hata cha kusema. Kuna nyingine inaingia kwa maneno: mwili umelala kitandani, lakini kichwani kuna kikao. Ya kwanza mpe mtu pumzi. Ya pili, taamuli. Wifi hakubaliani nami, na hoja zake nitazieleza bila kumpunja.

Kwanza tusichanganye majina

Watu wengi wakisikia yoga wanaona picha ya mtu kakunja miguu kama kamba. Kumbe mikunjo ni sehemu tu. Katika mafundisho ya kale ya Kihindi yanayoitwa Yoga Sutra, ya Patanjali, njia hiyo ina hatua nane. Ya tatu ni mkao, ya nne ni pranayama, yaani kuitawala pumzi, na ya saba ni dhyana, ndiyo hii tunayoiita taamuli au kutafakari. Nilipomwonyesha wifi kwamba pumzi imetajwa kabla ya taamuli, nilidhani nimeshinda kesi. Akanijibu kama mwalimu: "La nne linatangulia la saba, sawa. Ila anayeishia la nne hajamaliza shule."

Tofauti yenyewe ni hii. Kwenye pranayama unaibadilisha pumzi kwa makusudi: unairefusha, unaipitisha pua moja, unaipa sauti. Kwenye taamuli ya aina anayofanya wifi hubadilishi kitu. Unaiacha pumzi ijiendee, wewe unaitazama tu kama mtu aliyekaa barazani akitazama wapita njia. Wazo likija, unaliona, unalipisha, unarudi kwenye pumzi. Kwa kusikia ni rahisi. Jaribu dakika tatu uone.

Pumzi

Kiswahili chetu kilishajua mambo haya kabla ya simu. Mtu mwenye hofu tunasema roho yake iko juu. Aliyepata nafuu tunasema amepumua. Aliyetua mzigo anashusha pumzi. Mtazame mtu mwenye wasiwasi: mabega yamepanda, pumzi inaishia juu kifuani, fupifupi. Mtazame mtoto aliyelala: tumbo ndilo linalopanda na kushuka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zoezi langu kuu linashusha hadi 6, na hesabu yake haihitaji chombo: vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa kwa pua ukihesabu hadi 6. Hizo ni sekunde 10, kwa hiyo dakika tano ni pumzi 30. Mimi huhesabu kwa vifungo: naweka vifungo 30 kwenye kisahani, kila pumzi nahamisha kimoja. Vikiisha, nimemaliza.

Kwa nini kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta? Weka vidole kwenye mshipa wa mkono, pale muuguzi anapohesabia mapigo. Ukivuta pumzi, mapigo yanaongeza mwendo kidogo, ukitoa, yanapungua. Kazi hiyo inafanywa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na ndio breki ya moyo. Ukirefusha kutoa pumzi, unakanyaga breki muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu hahitaji kuamini chochote ili zoezi hili limfanyie kazi. Hata ukilifanya umenuna, mapigo yatashuka.

Hapa kuna jambo lililomfurahisha wifi, maana amelelewa karibu na Tosamaganga na rozari haimtoki mkononi. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika Italia. Watu 23 wenye afya njema walipimwa wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakirudiarudia maneno ya yoga. Njia zote mbili ziliwafikisha kwenye pumzi kama 6 kwa dakika, na mwili ukawa mwepesi zaidi kuirekebisha presha yake wenyewe. Ijumaa ile wifi aliposali, nilikaa nikamhesabia kimyakimya. Zilikuwa kati ya 6 na 7. Kwa hiyo bibi zetu waliokuwa wakisali rozari jioni walikuwa wakifanya pumzi ya polepole miaka yote hiyo, na hakuna aliyewauzia mkeka.

Zoezi la nyuki ndilo alilonicheka nalo. Linaitwa bhramari. Unavuta pumzi kwa pua, kisha unaitoa mdomo ukiwa umefungwa huku ukivuma mmmm hadi iishe. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walipima hewa ya puani wakakuta mtu anapovuma, gesi iitwayo naitriki oksidi inatoka mara 15 zaidi ya anapotoa pumzi kimya. Gesi hiyo hutengenezwa kwenye vishimo vya uso vinavyopakana na pua, na hutanua mishipa ya damu. Sisemi kwamba kuvuma kunatibu presha. Utafiti ule haukusema hivyo. Nasema tu kwamba kwa mimi mwenye mafua ya mwezi wa sita, kuvuma kunafungua kichwa.

Na mafua ndiyo yanayoniharibia zoezi la tatu, la kupokezana tundu za pua, nadi shodhana. Unaziba tundu la kulia kwa kidole gumba, unavuta kwa la kushoto, unaziba la kushoto, unatoa kwa la kulia, kisha unarudi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Mbeya hii, tundu moja limeziba asubuhi nzima. Usipigane nalo. Hata mtu asiye na mafua, tundu zake hupokezana zenyewe, moja likiwa wazi zaidi kwa saa kadhaa kisha jingine. Siku hizo fanya 4 na 6, basi.

Kuhusu presha yangu niseme ukweli. Kabla ya kuanza ilikuwa inasoma 152 kwa 96. Miezi minne baadaye ilisoma 138 kwa 88. Ila katika miezi hiyo hiyo nilipunguza chumvi, nikaacha kupanda bajaji kwenda kazini, na vidonge sikuviacha hata siku moja. Siwezi kuipa pumzi sifa yote. Ninachoweza kukiapia ni shingo, na ile saa mteja anapokuja kudai nguo ya harusi ambayo hata kukatwa haijakatwa.

Taamuli

Wifi hukaa kwenye kiti, nyayo zimegusa sakafu, mikono mapajani. Dakika 20 kila asubuhi, na Jumamosi akipata nafasi hupanda na wenzake kwenye jiwe la Gangilonga, mchana kweupe. Jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, na inasimuliwa kwamba Chifu Mkwawa alikuwa akikaa pale kutafakari wakati Wajerumani wakimwandama. Wifi hupenda kusema kwamba Wahehe hawakuletewa taamuli na mtu.

Anasema mwezi wa kwanza ulikuwa wa hasara tupu. Akikaa, mawazo yalizidi. Akifumba macho, ndipo anakumbuka hajaandaa mtihani. Wiki ya sita ndipo alipoona mabadiliko, na hayakuwa yale aliyotarajia. Saa nane za usiku hazikukoma. Anaamka kama zamani, wazo la ada linakuja kama zamani, lakini sasa analiona likija. "Zamani wazo likija nilikuwa nalifungulia mlango, nalipikia na chai," aliniambia. "Siku hizi nalisikia likibisha hodi, naliacha nje." Analala tena baada ya nusu saa badala ya kukesha hadi jogoo.

Hapo ndipo pumzi yangu inapopwaya, nakiri. Pumzi inanishusha mapigo saa hiyo hiyo, lakini haijanifundisha lolote kuhusu mawazo yangu. Nikimaliza vifungo 30 nikamkumbuka yule mteja wa harusi, narudi nilikotoka.

Tafiti za taamuli ni nyingi kuliko za pumzi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo, ambayo siku hizi huwa ya wiki 8, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, akaitoa taamuli kwenye nguo zake za dini na kuivalisha koti la hospitali. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya kuyalinganisha mafunzo hayo na dawa ya wasiwasi iitwayo escitalopram kwa watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, matokeo yakakaribiana. Wifi hupenda sana kunitajia utafiti huo. Mimi humkumbusha kwamba watu wale walikuwa na darasa la saa mbili na nusu kila wiki pamoja na dakika 45 nyumbani kila siku. Dakika 45 kwangu ni sketi ya shule na nusu. Halafu kuna uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 47 yenye watu 3,515: taamuli ilionekana kupunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haikuonekana kuzishinda njia nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Kwa hiyo anayetembea kwa mguu kila siku kutoka Uyole hadi mjini asijione maskini kwa kukosa mkeka.

Zilipowekwa pamoja

Kuna jaribio moja lililotusaidia kupunguza kelele. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waligawa watu makundi, kila mmoja afanye dakika 5 kwa siku kwa mwezi. Kundi moja lilifanya taamuli ya kutazama pumzi; mengine matatu yalifanya aina tofauti za pumzi. Wasiwasi ulipungua kwa wote. Kwenye uchangamfu wa kila siku, pumzi ilishinda, hasa ile ya kushusha pumzi: unavuta kwa pua, unaongeza kimvuto kifupi juu yake mapafu yajae, kisha unatoa polepole kwa mdomo hadi iishe. Ndiyo ileile anayoifanya mtu akitua ndoo ya maji kichwani.

Wifi anasema jaribio hilo halikuitendea haki taamuli, kwani dakika 5 ni kama kuonja ugali kwa ncha ya kidole. Ana hoja. Mimi najibu kwamba watu wengi tunaowajua ndizo dakika walizonazo. Wote tuko sahihi, na hili ndilo la kuzingatia unapochagua: ukiwa na dakika 5, pumzi inakulipa. Ukiwa na dakika 20 na subira ya miezi miwili, taamuli inaanza kuwa na maana.

Panapoharibika

Nilishawahi kujiponza. Kwenye simu nilikutana na zoezi la pumzi za haraka, kapalabhati, la kusukuma hewa kwa tumbo kama mvukuto wa mhunzi. Nikalifanya dakika tatu mfululizo, peke yangu, tumbo tupu. Vidole vikaanza kuchoma kama nimevilalia, midomo ikafa ganzi, chumba kikazunguka. Mume wangu alinikuta nimeshika mguu wa meza. Baadaye nilielewa: ukipumua kwa kasi hivyo unatoa hewa ukaa nyingi kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongoni inabana, ndipo kizunguzungu na ganzi. Na mwenye presha, mimba, kifafa, henia au ugonjwa wa moyo hatakiwi kuligusa kabisa. Video ile haikusema neno. Mwenye pumu naye aanze na pumzi za polepole tu, dawa yake ya kuvuta ikiwa karibu.

Kushikilia pumzi nako tukupe heshima huku juu. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Mgeni wa Dar aliyezoea kushikilia hadi 16 asishangae akichoka akifika 10.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haiko kwenye zoezi, iko kwenye jiko. Kipupwe kikishika, huku kwetu, Njombe na Makete, watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu usingizini. Sasa fikiria mtu ameketi karibu nalo anavuta pumzi ndefu kwa makusudi. Jiko litolewe nje, dirisha lifunguliwe kidogo, uvae sweta mbili. Hili halina mjadala.

Taamuli nayo si maji ya kunywa kila mtu. Aliyepitia jambo zito, msiba wa ghafla, kupigwa, ajali, akikaa kimya na macho yamefumba huweza kuletewa yote kwa mkupuo. Kuna rafiki wa wifi alijaribu baada ya kufiwa, akatoka analia na kutetemeka, na hakulala siku mbili. Mtu wa hivyo afumbue macho, aweke kituo chake kwenye nyayo badala ya kifua, afupishe muda, au aache kwanza amwone mtaalamu wa afya ya akili. Na mwenye kusikia sauti zisizokuwepo au aliyewahi kushindwa kutofautisha ya kweli na ya kufikirika asianze mwenyewe.

Swali la kanisani

Litaulizwa tu, kwa hiyo acha nilijibu upesi. Ndiyo, pranayama imezaliwa ndani ya dini za India, na taamuli ya kutazama pumzi ina mizizi mirefu kwenye Ubudha. Mimi Mmoravian, sitamki maneno ya Kihindi, nahesabu vifungo. Wifi hutumia ukimya kabla ya sala, si badala yake. Asiyeridhika rohoni asilazimishwe, kwani huwezi kutulia ukifanya kitu kinachokusuta.

Sasa wewe

Kama wewe ni kondakta, fundi, mama mwenye watoto wadogo, au mtu yeyote ambaye nyumba yake haina kona tulivu, anza na pumzi. Inafanyika kwenye foleni ya Kabwe macho yakiwa wazi. Mwenye mtihani, mwenye hofu ya kusimama mbele za watu, mwenye kukaza shingo na taya: pumzi. Kama unakesha ukirudia maneno yaleyale, au hasira yako hukaa miezi, jaribu taamuli, na ukubali kwamba mwezi wa kwanza utajiona mjinga. Mimi sishauri kuanza yote mawili wiki moja, maana hutajua lipi limekusaidia. Wiki mbili za hili, wiki mbili za lile, na kidaftari: umelala saa ngapi, umefoka mara ngapi.

Wenye sonona nzito, wasiokula, wanaowaza kujidhuru, haya si ya kwao kwa sasa. Hospitali kwanza.

Wifi alirudi Iringa bila kukubali kitu. Mwezi wa saba, siku ya mkutano na wazazi, akanipigia katikati ya saa za kazi, sauti imekwenda juu. "Wifi, ile ya nyuki inaanzaje?" Nikazima cherehani, nikamwambia fumba mdomo, vuta kwa pua, haya. Tukavuma wawili kwenye simu, yeye chooni kwa walimu, mimi kibandani, mteja wangu ameshika gauni lake ananitazama. Tulikuwa kwenye pumzi ya nne kengele ya shule ikalia, akakata simu bila kuaga.